Q na X katika maneno ya Kiingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Fungua kamusi yoyote ya Kiswahili sanifu. Ukitoka P unaingia R, na ukitoka W unaingia Y. Q na X hazimo. Ndiyo maana mwanafunzi akikutana na *queue* au *exhausted* kwenye karatasi ya mtihani, mara nyingi hana pa kushika. Maswali haya ni yale ninayoulizwa tena na tena na wanafunzi, wazazi na walimu wenzangu wa Kiingereza. Matamshi nimeyaandika kwa herufi zetu ndani ya alama za nukuu. Ni ya kukaribia tu, na yanafuata Kiingereza cha Uingereza ambacho shule zetu nyingi hufundisha.

## Mambo ya msingi

Kwa nini Kiswahili hakina Q wala X?

Kwa sababu hakizihitaji. Tahajia ya Kiswahili sanifu, iliyosimamiwa tangu 1930 na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, haikutaka herufi mbili zifanye kazi moja. Sauti ya Q ya Kiingereza tunaipata kwa K na W, kama katika *kwaya* na *kwinini*. Sauti ya X tunaipata kwa K na S, kama katika *boksi*, *teksi* na *oksijeni*. C nayo imebaki ndani ya *ch* tu kwa sababu hiyohiyo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kiswahili kilipokuwa kikiandikwa kwa hati ya Kiarabu, kilikuwa na herufi ya sauti ya kooni, *qaf*, ile ambayo Wazungu huiandika kwa Q. *Wakati*, *kalamu*, *haki*, *sanduku*, *dakika* na *kahawa* yote yana *qaf* katika Kiarabu. Hata leo, Mombasa na Lamu, utamsikia mzee aliyekaa sana chuoni, yaani madrasa, akiitamka *wakati* kwa sauti inayotoka ndani kabisa ya koo. Kwa hiyo Q si mgeni kamili kwetu. Tuliivisha K, basi.

Je, maneno haya ni mengi katika Kiingereza?

Si mengi. Q, X, Z na J ndizo herufi zinazotumika kwa nadra zaidi katika maandishi ya Kiingereza. Lakini maneno yenyewe ni ya kila siku, na mengi ni ya darasani: *question*, *explain*, *example*, *equal*, *exercise*, *exam*. Mwanafunzi hawezi kuyakwepa.

Nianze na maneno gani?

Orodha za maneno mia mbili yenye Q zinazosambazwa kwa wanafunzi sizipendi. Humchosha mtoto, na nusu yake hatayaona maishani. Anza na haya.

Ya Q: *queen* ni malkia, *question* swali, *quick* -a haraka, *quiet* kimya, *quarter* robo, *quality* ubora, *quantity* kiasi au wingi, *quarrel* ugomvi, *quote* kunukuu, *equal* sawa, *require* kuhitaji, *request* ombi, *frequent* -a mara kwa mara, *square* mraba, *squeeze* kukamua, *squid* ngisi, *earthquake* tetemeko la ardhi, *consequence* matokeo. Ongeza *equipment*, yaani vifaa, na usiitie *s* ya wingi hata vifaa viwe elfu. *Equipments* ni kosa ninalolikuta kwenye barua za ofisini kila mara.

Ya X: *axe* ni shoka, *ox* maksai, *wax* nta, *tax* kodi, *fox* mbweha, *mix* kuchanganya, *fix* kutengeneza, *next* -nachofuata, *expect* kutarajia, *explain* kueleza, *examine* kuchunguza, *exchange* kubadilishana, *expensive* ghali, *extend* kurefusha au kuongeza muda, *exile* uhamishoni, *extinct* -liotoweka kabisa duniani, *toxic* -enye sumu, *approximate* -a kukadiria.

Ukishayazoea hayo, nenda kwenye swali la familia za maneno hapo chini. Huko ndiko maneno huongezeka yenyewe.

## Maneno yenye Q

Q lazima ifuatwe na U?

Katika maneno ya kawaida ya Kiingereza, ndiyo. Desturi hiyo ni ya Kilatini. Waingereza wa kale wenyewe waliandika *cwen* kwa malkia na *cwic* kwa kitu hai au chepesi. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea Kifaransa ndio walioingiza *qu*, na *cwen* ikawa *queen*. Matamshi hayakubadilika kwa sababu hiyo. Kilichobadilika ni kalamu.

Maneno yasiyo na U yapo, na mengi ni ya asili ya Kiarabu. Nimeyaeleza katika swali la Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi.

QU inasomwaje?

Mara nyingi ni "kw", na hapa Mswahili ana bahati, kwani sauti hiyo tunayo katika *kwa*, *kweli* na *kwetu*. *Quick* ni "kwik", *equal* ni "iikwol". Panapotanguliwa na S, kama *square* na *squeeze*, ndimi zetu hupenda kupachika irabu: "sikwea". Zuia hiyo *i*. Anza na mluzi wa "sss" kisha ungia "kwea".

Mahali pengine QU husomwa "k" tu, na haya hayana njia ila kuyajua: *conquer* (kushinda na kuteka) ni "konka", ilhali *conquest* (utekaji wenyewe) ni "konkwest". *Liquid* (kimiminika) ni "likwid", lakini *liquor* (pombe kali) ni "lika". *Quay*, yaani gati la bandarini, husomwa "kii", sawasawa na *key*.

Maneno yanayoishia -que je?

Yasome "k", na usitamke irabu yoyote mwishoni. *Unique* (-a pekee) ni "yuniik", *antique* (kitu cha kale chenye thamani), *technique* (mbinu), *opaque* (kisichopenya mwanga), *cheque* (hundi), *mosque* (msikiti). Msumbiji nayo, *Mozambique*, imo katika kundi hili.

Jihadhari na *communiqué*, tamko rasmi ambalo viongozi hutoa baada ya mkutano. Ile alama juu ya E inakuambia irabu inatamkwa: "komyuunikei". Na *bouquet*, shada la maua, ni "bukei". T yake iko kimya.

Mosque na mosquito yana uhusiano?

Hapana. Ipo hadithi inayozunguka kwamba yametokana, na huwaudhi watu bure. *Mosquito* ni Kihispania: *mosca* ni inzi, na *mosquito* ni inzi mdogo. *Mosque* imetoka Kiarabu, *masjid*, ikapitia Kihispania na Kifaransa kabla ya kufika Uingereza. Kwa hiyo *mosque* yao na *msikiti* wetu ndio ndugu, maana chanzo chao ni kimoja.

Quiet, quite na quit: natofautishaje?

Hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko mengine yote katika insha.

*Quiet* ni kimya au tulivu, na ina silabi mbili, "kwa-yet". Kimya nacho kina silabi mbili, ki-mya, shikilia hapo. *Quit* ni kuacha, kama kuacha kazi au sigara, na ni "kwit", neno fupi lililokatwa.

*Quite* ndiyo yenye kazi, kwa sababu ina maana mbili. Ikiwa na sifa inayoweza kuwa kidogo au nyingi, maana yake ni "kiasi": *quite good* ni nzuri kiasi, si nzuri mno. Ikiwa na sifa isiyo na vipimo, maana yake ni "kabisa": *quite impossible* ni haiwezekani kabisa. Mwalimu wa Uingereza akikuandikia *quite good* pembeni mwa insha, usisherehekee mapema.

Queue ina herufi tano. Mbona inasomwa kama herufi moja?

Ni neno la Kifaransa lenye maana ya mkia, nalo hutamkwa "kyuu", kama jina la herufi Q. Kwetu ni foleni, na watu waliopanga foleni kweli wanafanana na mkia. Ikikutoka kichwani tahajia yake, andika Q, kisha *ue* mara mbili.

Acquire inaandikwa na C, aquarium haina. Kwa nini?

*Acquire* (kupata), *acquaint* (kujulisha) na *acquit* (kumwachia mshtakiwa huru) yamejengwa kwa kiambishi cha Kilatini *ad-*, ambacho mbele ya Q hugeuka *ac-*. *Aquarium* na *aquatic* hayana kiambishi. Yanatoka kwa *aqua*, maji. Panapohusika maji, C haimo.

Kuna njia ya kukumbuka bila kukariri?

Ipo, na ndiyo ninayoiamini: jifunze maneno kwa ukoo. Maneno ya Q ni ya koo chache sana, na nyingi ni za Kilatini. Ukiujua ukoo, tahajia na maana huja pamoja.

Ukoo wa kwanza ni wa *nne*. *Quarter* ni sehemu moja ya nne. *Square* ni umbo la pande nne. *Quadruped* ni mnyama wa miguu minne. *Quarry*, machimbo ya mawe, ni mahali mawe yalikochongwa yawe ya mraba. Usiichanganye na *quarry* nyingine yenye maana ya windo, hiyo ina asili yake. Jirani wa karibu ni *quarantine*, kutoka neno la Kiitaliano la arobaini: Venisi iliziweka meli zilizoshukiwa kubeba tauni zikae siku 40 kabla watu hawajashuka. *Karantini* yetu ni neno hilohilo.

Ukoo wa pili ni wa *usawa*. *Equal* ni sawa, *equation* ni mlinganyo wa hesabu, *adequate* ni -a kutosha, yaani kilicho sawa na haja. *Equator* ni mstari unaoigawa dunia nusu kwa nusu. Anayepita Nanyuki huuvuka akiwa ndani ya gari. Mwanafunzi anayejua *ikweta* tayari analo nusu ya neno, abadilishe tu KW iwe QU.

Ukoo wa tatu ni mkubwa zaidi, nao ni wa *kutafuta na kuuliza*: *question*, *query* (hoja au ulizo), *quest* (msako), *inquire* (kuulizia), *request*, *require*, *acquire*, hata *conquer*. Yote yametoka kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini, *quaerere*. Nikiliandika neno hilo katikati ya ubao na kuyazungushia watoto wake, wanafunzi huanza kunitajia mengine kabla sijawauliza.

## Maneno yenye X

X ina sauti ngapi?

Nne unazohitaji kuzijua.

"Ks" ndiyo ya kawaida: *box*, *six*, *text*, *explain*. "Gz" hutokea mkazo unapoangukia irabu inayofuata X: *exam* ni "igzam", *exact* ni "igzakt", *exist* ni "igzist". H isiyotamkwa haizuii jambo hilo, kwa hiyo *exhausted*, kuchoka hoi, ni "igzoostid". Tazama jozi hizi uone mkazo unavyotawala: *execute* (kutekeleza, pia kunyonga) ina mkazo mwanzoni, ni "eksekyuut"; *executive* ina mkazo kwenye silabi ya pili, ni "igzekyutiv". *Exhibit* (kuonyesha) ni "igzibit", lakini *exhibition* (maonyesho) ni "eksibishen".

"Z" ni ya mwanzo wa neno, nayo inajibiwa katika swali linalofuata. "Ksh" iko katika *anxious* (mwenye wasiwasi), "ankshas", na *luxury* (anasa), "lakshari". Ajabu ni kwamba *anxiety*, wasiwasi wenyewe, ni "angzayeti".

Mbona maneno yanayoanza na X ni machache?

Kwa sababu karibu yote ni ya Kigiriki, na yaliingia kupitia sayansi na elimu. Mizizi mitatu inatosha.

*Xylon* ni mti au ubao: *xylem* ni mishipa inayopandisha maji ndani ya mmea, na *xylophone* ni marimba, ala ya mbao. *Xeros* ni kavu: *xerophyte* ni mmea wa nchi kame, na *xerophthalmia* ni ukavu wa macho unaoletwa na upungufu wa vitamini A. *Xenos* ni mgeni: *xenophobia* ni hofu na chuki dhidi ya wageni, neno lililojaa magazetini mwaka 2008 wahamiaji waliposhambuliwa Afrika Kusini. Yote huanza kwa sauti "z".

*X-ray* haimo katika ukoo huo, nayo husomwa "eksrei". Wilhelm Röntgen, Mjerumani aliyeigundua miale hiyo mwaka 1895, aliipa jina la X kwa kuwa hakujua ni kitu gani, kama vile X inavyosimama mahali pa kisichojulikana katika aljebra.

Kuandika Xmas ni kumwondoa Kristo?

Hapana, na wazazi wengi wameniuliza hili kwa uchungu wa kweli. Ile X si ya Kiingereza. Ni herufi *khi* ya Kigiriki, ya kwanza katika jina Khristos, na Wakristo wa kale waliitumia kama kifupisho cha jina hilo. Isome "Krismas". Katika insha ya shule, hata hivyo, andika *Christmas* kamili, kwa kuwa vifupisho havifai huko.

Ex- mwanzoni mwa neno ina maana gani?

Mara nyingi ni "nje" au "kutoka". *Exit* ni mahali pa kutokea, *export* kupeleka bidhaa nje, *exhale* kutoa pumzi, *expel* kufukuza, *exclude* kuacha nje, *extract* kung'oa, kama daktari anavyong'oa jino. *Exodus* ni njia ya kutokea, na waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili walikiita kitabu hicho *Kutoka*. Ni tafsiri safi kabisa. Ikiwa na kistari, kama *ex-husband*, maana yake ni wa zamani: mume mliyeachana.

Nitajuaje kama C inafuata X? Excellent, exercise…

C huwepo pale ambapo neno la asili lilianza na C kabla ya kupachikwa *ex-*. Ndivyo ilivyo kwa *exceed* (kuzidi), *excite* (kusisimua), *except* (isipokuwa), *excellent* (bora sana). *Exercise*, *exam*, *exist* na *exaggerate* (kutia chumvi, na G ni mbili) hayana C. S nayo humezwa na X: *ex-* na *spectare*, kutazama, zikawa *expect*. Ndiyo maana hakuna *exspect*.

Hapo hapo utenganishe *accept* (kukubali), *except* (isipokuwa) na *expect* (kutarajia). "I except your apology" humwambia mtu kitu kingine kabisa.

Wingi wa maneno yanayoishia X?

Kwa kawaida ongeza *es*: *boxes*, *taxes*, *foxes*. *Ox* hugeuka *oxen*. *Appendix* (kiambatisho) huwa *appendices*, *matrix* huwa *matrices*. *Axes* inaweza kuwa wingi wa *axe* au wa *axis*, mhimili. Ya kwanza ni "aksiz", ya pili "aksiiz". Kwenye vitenzi, X hairudiwi kamwe: *fixed*, *mixing*.

## Maswali ya pembeni

Kuna maneno yenye Q na X pamoja?

Machache, lakini matamu. *Equinox* ni siku ambayo usiku na mchana hukaribia kulingana, Machi na Septemba: usawa na *nox*, usiku. *Exquisite* ni -zuri wa kupindukia, na anatoka ukoo wa kutafuta: kitu kilichotafutwa hadi kikapatikana. *Exchequer* ni hazina ya serikali, neno ambalo magazeti ya Kenya hulipenda. Lilitokana na kitambaa cha mirabamiraba, kama ubao wa sataranji, kilichotumika zamani kuhesabia fedha za mfalme. *Cheque* imezaliwa humo.

Nina Q kwenye Scrabble lakini sina U. Nifanyeje?

Tumia Kiarabu chako. *Qadi* ni kadhi, *qibla* ni kibla, *faqir* ni fakiri, *talaq* ni talaka, *qat* ni miraa au mirungi. Yote yanakubalika katika kamusi ya mashindano ya kimataifa, pamoja na *qi*, nguvu ya uhai katika falsafa ya Kichina, ambayo ndiyo fupi kuliko zote. Kwa X una *ax*, *ex*, *ox*, *xi* na *xu*. *Qatar* na *Iraq* ni majina mahususi, hayaruhusiwi.

Q ina pointi 10 na X 8, na kila moja ina kigae kimoja tu kati ya 100. Alfred Butts, Mmarekani aliyeubuni mchezo huu miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili apange thamani hizo.

Mwanangu huandika "xaxa" na "xawa" kwenye simu. Kutamharibia Kiingereza?

Huko X imesimama badala ya S, na wenzake wanamwelewa. Simkatazi. Ninachofanya ni kumwomba anisomee *exact*, *six* na *xylem* kwa sauti. Akizitofautisha, hana tatizo. Akisema "esakt", basi arudi kwenye swali la sauti za X.

Nimesikia neno lenye "kw" lakini silioni kwenye Q. Liko wapi?

Huenda ni *choir*. Ni kwaya, hutamkwa "kwaya", na huandikwa kwa CH. Tahajia ya zamani ilikuwa *quire*, kisha ikabadilishwa ili ifanane na Kilatini na Kifaransa, sauti ikabaki palepale. Au ni *awkward*, yaani -a kukosa wepesi au -a kutia aibu, ambapo K na W zimekutana katikati ya neno. Mengine yote ya "kw" utakayoyasikia darasani, karibu kila moja, yatafute kwenye QU.